Waliotajwa Mkutanoni Muleba

Mkutano wa uchaguzi wa chama ulianza Muleba saa nne asubuhi, soda zikiwa bado hazijafika. Kokubanza, katibu, aliyefundisha historia miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, alikuwa akiandika muhtasari. Mwenyekiti Rutaihwa alikuwa ameahirisha uchaguzi huo mara mbili, na mpinzani wake, Mugisha, akasimama kulisema hilo.

"Huyu mzee ni Hitler!"

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke wa Kizungu mwenye koti jembamba, kichwa kimenyolewa, amemshika mtoto mkono. Mjumbe wa Bumbire akasogea kuwapisha kwenye benchi.

"Wanazi ni wewe na genge lako!" Rutaihwa akajibu.

Wakaingia wazee wanne, namba za wafungwa wa kambi zimechorwa mikononi mwao. Kila tusi likaleta wengine. Ilipofika saa saba wajumbe wa Goziba walikuwa wamesimama ukutani, nao wagombea wakazidi kupaza sauti.

Kokubanza akaweka kalamu chini. Akamwendea yule mwanamke, akapiga goti kidogo kama apokelewavyo mgeni, akampa punje za kahawa za kutafuna.

"Karibu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya. "Unaitwa nani?"

"Rywka. Huyu ni Dawid." Alijibu kwa Kihaya safi. "Tuliuawa siku moja. Tumesikia tunatajwa, tukadhani kuna anayetuulizia."

Kokubanza akasimama katikati ya ukumbi.

"Kuahirisha uchaguzi ni kosa, na katiba yetu inalitaja kwa jina lake. Waliyotendewa hawa nayo yana jina lake. Atakayeyachanganya, hakunisikiliza darasani."

Nusu ya ukumbi walikuwa wanafunzi wake. Wakapiga makofi, Mugisha akipiga kuliko wote. Kokubanza akasikia mgongo wake umenyooka kama siku alipopokea cheti cha ualimu.

Kura zikapigwa. Mugisha akashinda kwa kura tisa. Katika shukrani zake alisema tarehe ya mkutano ujao ataipanga mwenyewe, na kwamba walioshindwa waache tabia za Gestapo, polisi wa Hitler. Wakaingia ndugu watatu, mdogo wao hana viatu.

Kokubanza akafunga daftari, akawaongoza wote nje, msafara mrefu kati ya migomba. Jirani yake Gaudiosa aliyekuwa akianika kahawa akainua kichwa.

"Mwalimu, wageni wa chama hao?"

"Hapana," Kokubanza akasema, akimbeba Dawid mgongoni. "Ni wangu."