Nguo za Ilarie

Bibi Safta aliendelea kuambua maharage, na Tiberiu akaendelea kungoja. Alikuwa ametoka Bukareshti kwa treni, kisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, kuja kutafuta jambo moja tu. Okestra ilikuwa inasubiri muziki wake mkubwa ili iucheze majira ya vuli. Ulikuwa umebaki mwisho, ombolezo. Alikuwa amejaribu kulitunga mwenyewe, na kila mara lilitoka zuri na la uongo. Mtu pekee aliyebaki kijijini anayelijua ombolezo la kale ni huyu bibi.

"Ubeti mmoja tu, bibi."

"Mwana wa Stanca, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi hakuna wimbo. Ombolezo likiimbwa bila maiti, huenda kumtafuta mmoja. Na mzee kuliko wote hapa ni mimi."

Dobre, jirani aliyekuja kuazima kamba akasahau kuondoka, alicheka. "Subiri kidogo, Bwana Tiberiu. Kifua changu hiki kinakoroma. Huenda nikakufaa kabla ya Krismasi."

"Wewe?" Safta alisema. "Ukifa wewe nitaimba kwa furaha, nimharibie muziki wake."

Walicheka wote. Kisha bibi akapangusa mikono kwenye aproni.

"Aliyefia mbali naye huimbiwa," alisema taratibu. "Huimbiwa nguo zake. Za Ilarie bado zimo sandukuni kwenu."

Ilarie, kaka yake Tiberiu, alikwenda vitani na hakurudi, wala mwili wake haukurudi. Mama yao, Stanca, alikataza asililiwe, maana anayemlilia aliye hai humfungia mlango wa nyumbani. Kanisani, padri alipoomba majina ya wazima na ya wafu, mama alimtaja Ilarie kati ya wazima. Mama alipofariki, Tiberiu aliendelea vivyo hivyo. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, na bado alimtaja kati ya wazima.

"Hiyo si haki, bibi. Unanifanyia biashara."

"Mimi? Wewe ndiye uliyekuja na penseli."

Tiberiu aliinuka, akapanda njia mpaka nyumba ya mama yake. Sanduku lilikuwa chini ya dirisha. Alitoa shati la kitani lililodariziwa kifuani, na kofia ya ngozi ya kondoo. Akakaa kitandani nazo mapajani. Alijiuliza kama anamzika kaka yake kwa sababu amekufa, au kwa sababu okestra inasubiri. Jua lilihama ukutani kabla hajapata jibu. Hatimaye aliacha karatasi na penseli juu ya kitanda, akashuka na nguo.

Safta alilitandaza shati mezani kama mtu aliyelala, kofia juu yake, mshumaa pembeni. Aligeukia mashariki akaanza. Sauti ilianzia juu, ikashuka kidogo kidogo kama mtu ashukaye mlima gizani, ikasimama, ikarudi juu. Alimwita Ilarie kwa jina. Alimkaripia kwa kuchelewa nyumbani. Alimuuliza nani aliyemwosha uso, na kwa maji ya mto gani.

Utotoni Tiberiu alisimama kanisani kando ya waimbaji, kazi yake kuishika noti moja ya chini bila kuibadili, ili wimbo uwe na pa kukanyaga. Sasa alijisikia anaishika tena, bila kukusudia. Safta hakumtazama wala hakumkataza.

Wimbo ulipokwisha, Dobre alikuwa amevua kofia. Bibi alichomeka mshumaa kwenye mkate, akampa Tiberiu, kwa kuwa mkate wa kwanza wa sadaka ya marehemu hutolewa na ndugu. Tiberiu alimnyooshea Dobre. Dobre hakupokea. Alijua vizuri, lakini jina ni lazima litamkwe.

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa Ilarie. Kaka yangu, marehemu."

"Mungu amsamehe," Dobre alisema, akapokea kwa mikono miwili.

Walikula. Baadaye Safta alikunja lile shati vizuri, mkono juu ya mkono.

"Sasa maiti yupo," alisema. "Nenda kalete penseli zako, mwanangu. Nitakuimbia polepole."

"Si leo, bibi," Tiberiu alisema. "Leo nina msiba."