Nyumba ya Mtu wa Tatu

Tangu asubuhi Dobi alikuwa anayapiga mashuka kwenye karo kana kwamba yamemtukania wazazi. Yalikuwa mashuka meupe ya nyumba ya wageni, na alikwishayafua jana yake. Lakini vumbi la tofali lilikuwa bado linapeperuka kutoka kwenye ukuta wa mama yake, likayapaka wekundu pale pale kambani. Kwa hiyo aliyafua tena, na kila alipoinua kichwa aliliona lile tundu.

Tundu lenyewe halikuwa la kuchungulia. Ng'ombe angepita. Mume wake, fundi wa kutengeneza friji, alikuwa ameegesha kigari chake juu, karibu na geti, akashuka kupokea simu bila kuvuta breki ya mkono. Uwanja wao una mteremko. Gari likajiondokea taratibu, kama mgeni asiyetaka kuaga, likapita katikati ya kamba za nguo, likashika kasi, likaenda kumalizia safari juu ya kitanda cha mama. Mama mwenyewe alikuwa chooni. Majirani walisema Mungu mkubwa. Dobi naye alisema hivyo hivyo, kisha akasema na mengine ambayo hayafai kuandikwa.

Sasa mama alikuwa analala kwenye kochi lao, miguu inaning'inia, na chumba chake kimezibwa kwa turubai. Mawingu ya mvua yalikwishaanza kujikusanya.

Nyumba ile ya mbele ilikuwa ya mama. Alikuwa mkunga, akaijenga kwa mshahara wa zamu za usiku, kabla Fundi hajaujua hata mtaa wenyewe. Kijumba cha uani walichokaa Dobi na mumewe kilikuwa cha mama pia, na walikaa bure. Lakini umsikie Fundi akiwa kwa kinyozi! Geti langu. Ukuta wangu. "Ile ya mbele nimemwachia mama mkwe, apumzike." Watu wakambatiza Mwenye Nyumba, na badala ya kutambua kwamba anachekwa, bwana yule akalipenda jina, akawa anaitika.

Mama hakuwahi kumkanusha. "Mwache," alimwambia binti yake siku moja. "Mwanaume naye awe na kitu cha kusema mbele ya wenzake." Dobi alimwacha, ila neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Na hata hiyo bima, maana bima ilikuwepo, Dobi hakuweza kuifikiria bila damu kumchemka. Wakala alikuja wakati gari linanunuliwa, mwanamke mpole mwenye mkoba uliojaa vipeperushi, akakaa kwenye kochi lile lile.

"Shemeji, nikukatie bima kubwa au ndogo?" aliuliza.

"Kwani gari umeliona?" Fundi alijibu. "Si dogo hilo? Bima kubwa ya nini? Hiyo wakatie wenye malori."

Wakala alidhani ni mzaha, akacheka. Haukuwa mzaha. Dobi alimwona mumewe usoni na akajua kwamba mtu mzima na akili zake anaamini bima hupimwa kwa ukubwa wa gari, kama tairi.

"Ukubwa si wa gari," wakala alieleza. "Ndogo inamlipa mtu wa tatu tu. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni sisi kampuni, wa tatu ni yeyote utakayemuumiza au kumharibia mali yake. Kubwa inamlipa huyo, na gari lako pia."

"Chukua kubwa," Dobi alisema.

"Mimi naendesha au naegemea usukani?" Fundi alimjibu. "Andika ndogo."

"Na nyumba je? Ipo ya moto, ya mafuriko, ya kubomoka..."

"Nyumba yangu ya tofali. Tofali haziungui."

Nyumba yangu! Mama alikuwa amekaa pale pale, anasikia nyumba yake inakataliwa bima na mtu asiyemiliki hata kitasa, na hakusema neno. Dobi angekuwa na pasi ya moto mkononi siku ile, tungekuwa tunasimulia mengine.

Mkaguzi wa kampuni ya bima alifika mchana. Kijana nadhifu, viatu vimeng'aa, akazunguka gari, akapiga picha, akapima tundu kwa futi ya chuma. Kinyozi alikuwa amefunga duka lake kusudi aje kutazama, na nyuma yake wakajipanga majirani wengine wasio na kazi.

"Gari halilipwi," mkaguzi alisema. "Bima yako ni ya mtu wa tatu. Tuangalie ukuta. Hii nyumba ni ya nani?"

Lilikuwa swali la neno moja. Fundi alimtazama mkaguzi, akamtazama kinyozi, akavuta kifua.

"Yangu."

"Yako wewe mwenyewe?"

"Kwani kuna anayebisha? Uliza mtaa mzima."

Mkaguzi akateremsha kalamu. "Basi hatuna cha kulipa, bwana. Umegonga mali yako. Mtu hawezi kuwa wa kwanza na wa tatu kwa wakati mmoja."

Shuka lilimponyoka Dobi. Alivuka uwanja na povu mikononi.

"Si yake! Nyumba ni ya mama yangu, kaijenga mwenyewe! Huyu hana hapa hata msumari! Jibu vizuri, wewe mwanaume, mama analala kwenye kochi!"

Fundi aliangalia viatu vyake. Masikio yalikuwa yamemwiva. Kinyozi akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko, na Dobi akaona jinsi kikohozi kile kilivyomfunga mumewe mdomo kuliko gundi.

"Nielewesheni," mkaguzi alisema. "Mmoja anasema hivi, mwingine vile. Mama, wewe ndiye mkubwa hapa. Nyumba ni ya nani?"

Mama alikuwa amesimama kando ya turubai. Aliwatazama watu waliojaa getini, akamtazama mkwewe aliyeinamisha kichwa kama mtoto aliyekojoa kitandani. Alikuwa na maisha mazima ya kuwafunika watu aibu zao.

"Ya mkwe wangu," alisema. "Mimi nakaa tu."

"Mama!"

"Nimejibu, mwanangu."

Mkaguzi akafunga mkoba. Dobi aligeuka huku na huku. Hakujua aanze na nani. Akaanza na aliye karibu, akasimama mbele ya mumewe, pua kwa pua.

"Umesikia ulichofanyiwa? Amekupa ukuta wake ili usichekwe na kinyozi. Mvua ikinyesha, nenda kalale wewe chini ya turubai, Mwenye Nyumba."

Fundi aliinua uso. Hakumtazama mkewe wala kinyozi.

"Bwana mkaguzi, subiri," alisema. "Mama anadanganya."

Watu wakaguna. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mkunga yule mwongo, seuze mkwewe, seuze mbele za watu.

"Mimi?" mama aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nadanganya?"

"Ndiyo, mama. Unadanganya, na mimi nimedanganya. Nyumba ni yako. Na ile ya nyuma tunayokaa ni yako. Mimi sina kitu hapa. Nakaa kwa mama wa mke wangu, bure."

Hakuna aliyekohoa. Mkaguzi akafungua tena mkoba. "Kuna hati?"

Dobi alikuwa ameyasubiri maneno yale tangu aolewe, na siku zote alidhani atapiga vigelegele. Havikuja. Alimwona mumewe amesimama katikati ya uwanja, amejivua yote mbele za watu, na kwa mara ya kwanza hakupata la kumtukana. Lakini hasira ilikuwepo, nzima vile vile. Ikageuka, ikamtazama mama yake, aliyekuwa anafuta macho kwa upindo wa nguo, mwanamke aliyemlea mkwewe kwa uongo mtamu miaka yote hii na kumwachia binti yake auishi.

"Kailete hati, mama," alisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea mzazi. "Na nyumba yako usimgawie mtu tena."