Gari la Maonyesho la Abu Fahad

Mwaka 1996 Cheruiyot alikuwa dereva wa mashindano ya magari kwenye matope ya Nandi. Leo, huku ughaibuni, mjini Umm Salal, anawapeleka shule watoto wa mwajiri wake, tajiri Abu Fahad, kwa mwendo wa kobe mgonjwa.

Ijumaa moja tajiri huyo aliwaonyesha wageni gari la mashindano la miaka ya tisini, bado jipya. Chumba cha gari hilo kina kiyoyozi. Cha Cheruiyot kina feni mbovu. Abu Fahad akajaribu kuliondoa. Likazimika mara tatu.

“Lina hasira,” akaeleza kitaalamu.

“Baba, unaachia klachi haraka,” Cheruiyot akasema kwa adabu zote.

Akapewa usukani. Akazunguka ua kwa kasi, akicheka peke yake. Wageni wakashangilia. Abu Fahad akasogea mbele, akapokea pongezi zote.