Maji ya Huku Hutulizwa Kwanza

Mama Kabichi alibandika sufuria ya maharagwe, na maji yalipopata moto yakaanza kugombana kama kawaida. Kwanza mwanamke mmoja wa juu alimsema mumewe kwamba ameoga ndoo mbili kama bwana harusi. Kisha wafyatua matofali wakawatukana wenye vitunguu kwamba wamelima mpaka ukingoni, na wenye vitunguu wakajibu kwamba matofali hayaliwi. Mama Kabichi akafunika sufuria, akaendelea kufagia.

Mfereji ulikuwa mmoja. Ulipita kwa watu wa juu, ndipo ukashuka kwa watu wa chini, na kila lililosemwa kando yake lilishuka nao. Kwa hiyo watu wa chini waliyatuliza maji. Waliyamimina kwenye pipa, wakayaacha mpaka yanyamaze, ndipo wakanywa. Yakikorogwa yalianza upya. Mtoto akinywa mapema alilala akitukana watu asiowajua, na mama yake hakumpiga, alijua ni maji. Ya kumwagilia hayakutulizwa, maana kabichi hazina masikio.

Zamu zilipangwa zamani, mvua zikiwa nyingi na nyumba chache. Siku ya zamu ya chini, nyumba moja ilimtuma mtu wake apande hadi langoni, yaani kwenye ubao unaozuia maji, akae hapo mpaka mshika lango wa juu aunyanyue. Kuunyanyua mwenyewe ilikuwa mwiko. Nyumba isipotuma mtu, chini kote hakuna maji. Siku hizi watu wa juu walikuwa wameongeza mashamba, basi ubao ulinyanyuliwa kwa kuchelewa na kushushwa mapema, kila zamu mapema zaidi kidogo.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Kabichi. Alimtuma mwanawe mkubwa, aliyeitwa Mluzi kwa sababu hakuweza kutembea bila kupiga mluzi.

"Ukifika salimia kwanza. Wakikukawiza, kaa. Usiguse ubao."

"Mama nawe! Utadhani naenda vitani."

"Nimesema usiguse ubao."

Mtoto ukimkataza jambo mara mbili, ile ya pili hasikii neno, anasikia mama tu.

Jua lilipanda, mfereji ukabaki mkavu, majani ya kabichi yakalala. Mchana maji yakaja kwa kishindo, mengi kuliko walivyozoea. Majirani wakashangilia na ndoo mikononi. Yakakatika upesi. Mama Kabichi akabandika ya chai, na yalipopata moto yakapiga mluzi.

"Mzee, zamu ni yetu tangu asubuhi," maji yakasema. "Mboga zinakufa."

"Subiri," sauti ya mshika lango ikasema.

"Nimesubiri. Nanyanyua."

Kisha likasikika pigo la koleo, mara moja. Baada ya hapo maji yalichemka tu.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa akimenya vitunguu. "Ni kaka huyo?"

"Ni kaka yako."

"Niweke majani?"

"Usiweke."

Jirani wa mkono wa kulia alikuja na povu mikononi. "Pole, mwenzangu. Hata kwangu yamesema. Nilikuwa nafua." Yalikuwa yamesema kila nyumba, hata kwa mzee kiziwi, ambaye aliliweka beseni chini akavua kofia. Wanaume walipanda wakamkuta Mluzi kando ya mfereji, amefunikwa gunia. Watu wa juu walisema ameteleza.

Tangu hapo Mama Kabichi alilikoroga pipa lake kila alipoamka, ili mwanawe asinyamaze.

Baada ya maziko mwenyekiti wa kamati ya maji alishuka kutoa pole. Alikuja na mshika lango. Wakapewa chai, na vikombe vyote viwili vikasema, "Nimesubiri. Nanyanyua." Likafuata koleo. Mshika lango alipuliza chake, akanywa.

"Sukari imetosha," alisema.

"Maji ya huku yana maneno sana," mwenyekiti alisema. "Mngeyatuliza, mama."

"Yamemtaja aliyemuua mwanangu."

"Tumesikia wote, sikatai. Lakini maji hayawezi kusimama mahali yakatoa ushahidi. Yanamwagika." Akakifuta kidevu. "Zamu ziko palepale. Yako ilikatika katikati, kwa hiyo nyumba yako itairudia."

"Nimtume nani sasa?"

"Una binti. Miguu si anayo?"

Siku ilipofika, binti alikwisha kujifunga kanga na kuvaa ndala. Mama yake akamfungia ndani, akampa jirani ufunguo, akapanda mwenyewe. Mshika lango alikuwa ukingoni. Alimsogezea nafasi.

"Karibu, mama. Habari za huko chini?"

"Nzuri, mzee."

Wakakaa. Koleo lilikuwa katikati yao, limeoshwa. Vitunguu vya juu viliponyweshwa mpaka njia zikawa tope, ndipo mshika lango akaunyanyua ubao. Mama Kabichi akapiga magoti, akasogeza mdomo mpaka ukagusa maji.

"Binti yangu, ni mimi. Nimefika, mshika lango yuko hapa karibu yangu. Nakwambia leo, na hata nikifa neno ni hili. Wakikutuma huku, kataa. Wakisema nyumba zinakosa maji kwa ajili yako, kataa. Na nyie mnaochota mnanisikia, msimtume mtoto wangu, wala wa kwenu. Bora kabichi zikauke zote, tupande..."

Ubao ukashuka, mapema kuliko zamu iliyopita.

"Umemaliza, mama?"

"Bado."

Mshika lango akaushindilia kwa mgongo wa koleo.

Kule chini maneno yalifika yote, mpaka hapo yalipokatwa. Jirani wa mkono wa kulia aliyasikiliza akiwa ameshika ndoo, huku machozi yakimtoka. Kisha akaingia ndani kumtafutia mwanawe viatu, maana zamu inayofuata ilikuwa ya kwake.