Chenga Kwenye Kompyuta ya Lea

Jumapili baada ya alasiri, Lea wa duka la kuchapa barua pale Manundu, Korogwe, aliwasha kompyuta watu waangalie mpira. Ilikuwa ya mtumba, ilinunuliwa Dar maofisi yalipoanza kujipatia mpya. Mdogo wake Dennis aliichomekea kadi ya televisheni, na antena akaifunga juu ya mlingoti wa mkonge. Picha, tusidanganyane, ilikuwa balaa. Chenga tupu, vidoa vyeupe vinamwagika kiooni kama mvua! Tena Lea akichapa barua upande mmoja, mchezaji upande wa pili anaganda, mguu juu.

Siku hiyo alikuwa anamchapia jirani yake Tatu barua ya saba kwa ofisi ya shamba. Miaka mitatu nyuma, shamba la mkonge lilipopata mwenye mali mpya, mumewe Semboja alikwenda kazini kwenye korona, mashine ya kusaga mkonge, asirudi. Ofisi ikaandika: mtoro kazini. Shehe naye angefanyaje? Bila maiti wala shahidi, eda ya nini? Tatu si mke, si mjane, na moyo wake ulikuwa umechoka.

Kipindi cha pili chenga zilisogea pembeni, Semboja akatokea kiooni na mabuti yake ya mvua.

"Dada Tatu, shemeji huyo," alisema Lea, akaacha kuchapa ili asigande.

"Ndiye. Amekonda, maskini."

Semboja akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba. Kisha akaonyesha kwa kidole shimo la makapi, nyuma ya korona. Dennis, kwa wema wake, akatoka kugeuza antena. Picha ikatakata, uwanja ukawa kijani, na Semboja akapotea.

"Wewe Dennis!" alifoka Tatu. "Hebu nirudishie chenga zangu!"

Akazirudisha.

Jumatatu walikwenda na majembe. Mlinzi aliwafungulia geti, maana naye alikuwa ameangalia mpira. Walimkuta palepale, mabuti miguuni. Wakamvisha sanda, wakamsalia, wakamzika. Tatu alilia kilio cha miaka mitatu, kisha akakaa eda, na kila akimaliza kuswali alisema alhamdulillahi.

Karani Filemoni wa ofisi ya shamba alilifungua jalada, akalisoma, akalifunga.

"Hapa bado mtoro, mama."

"Haya, baba. Nyie mna jalada, mimi nina kaburi."

Korona iliendelea kunguruma.

Eda ilipokwisha, Jumapili wakati wa mpira, Tatu alimpelekea Lea mkungu wa ndizi. Alimkuta Dennis ameshika kadi mpya kutoka Dar, ya kuondoa chenga zote.

"Ahsante, mdogo wangu, Mungu akuzidishie," alisema Tatu. "Ila hiyo iweke kwanza."

Kiooni, ndani ya chenga, walisimama wanaume wanne wenye mabuti ya mvua, wakingoja mpira uishe. Mlangoni alikuwa mama mmoja, Naserian, aliyetoka Handeni alfajiri. Mwanawe naye aliandikwa mtoro. Tatu akainuka, akampisha kiti cha mbele.