Kidonge Shavuni

...nikibane tu hapa kati ya shavu na ufizi, nisikitafune, nisikiguse na ulimi, maana kimeshaanza kuyeyuka na uchungu wake unanipanda mpaka masikioni, na maji yako kule kwenye ndoo karibu na mlango, na mlangoni amesimama mama mkwe, siku zote saa hizi huwa anafunga zizi la kondoo nami humeza peke yangu humu jikoni, lakini leo mwanawe amerudi kutoka mgodini, kondoo watafungwa na wengine, mbona sikuliwaza hilo, nilikitia mdomoni kama kila jioni, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe, na hapo hapo blanketi alilojitanda likaziba mwanga. "'Malipuo," anasema, "huo ugali umeiva au bado unafikiria?" Natikisa kichwa, nashika mwiko, nasonga, afadhali mke aliyeolewa huku kwetu akinyamaza anasifiwa adabu, ningeweza kuficha kondoo mzima mdomoni wakasema huyu kalelewa vizuri... "Ng'ombe wetu wa mahari hawakupotea," anasema, ananitania, leo anatania kila mtu, nje Tšeliso anawaonyesha wanaume redio mpya na kicheko chake kinafika mpaka humu, kicheko kizuri, nilikipenda kabla sijampenda yeye, na sasa kila nikikisikia najiuliza kule kimemchekesha nani.

Mwanamke yule wa kule alikuwa na sauti ya upole, ndilo lililoniuma, angekuwa mkali ningemtukana, lakini alipokea simu ya mume wangu akasema yuko bafuni, dada, nimwambie nani amepiga, nami niliyevishwa blanketi la ndoa mbele ya ukoo mzima nikasema, mwambie ni dada yake, nikakata, nikabaki nimeikumbatia simu mlimani kule kwenye mtandao, upepo unanipiga, na chini nyumba zetu zote zinafuka moshi wa chakula cha jioni... "kondoo yule mweusi," anasema mama mkwe, "tutamchinja Krismasi, au unasemaje," naitikia kwa kichwa, mate yanajaa, yameze polepole, yana uchungu wa shubiri... na Tšeliso alipokuja Pasaka nilimwambia kitandani, nilimwambia kwa heshima zote, Tšeliso, tutumie kinga, akacheka kicheko kile kile, akasema, "Mke nimemtolea ng'ombe mwenyewe, halafu niingie nyumbani kwangu nimevaa soksi?" na akanigeuza, na mimi nilikuwa nimemkosa miezi mingi, mwili ulikuwa umemkosa, huo ndio ukweli, sikusema tena. Nesi wa zahanati hakunicheka. Nesi alisema, "Hii kinga ya kidonge ni yako wewe, si yake, humuombi ruhusa, lakini imeze kila siku, awepo asiwepo." Asiwepo ndiyo siku nyingi. Nimemeza baridi yote ya mlimani kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, theluji mpaka kizingitini, kitanda nusu yake haijavurugwa, na mimi nakaa gizani najikinga na mume ambaye ningetoa chochote awe karibu. Mtu atalicheka hilo. Mimi mwenyewe nimewahi kulicheka, halafu nikalia.

"Huongei leo," anasema, "au mume kakuibia ulimi?" Nacheka kwa pua. Anakaribia moto, anachungulia chungu cha nyama, mafuta yanapanda na mvuke, uchungu unapanda pia, yote yanakutana kooni... 'Malipuo, yaani Mama Lipuo, ndivyo walivyoniita siku ile ile ya ndoa, na Lipuo hajazaliwa, ndiyo desturi yetu, jina la mtoto hutangulia, mtoto hufuata, wenzangu wamefuatwa upesi, mimi jina limekaa bila mwenyewe, watoto wa jirani wananiamkia kwa hilo, wanawake kisimani wananiita kwa hilo na kunitazama tumbo, jina langu la Nthati alilonipa baba limebaki zahanati tu, nesi anaita kwa sauti ya chini, "Nthati, njoo," na mara nyingine nahisi kwamba siipandi milima ile kufuata dawa, naifuata sauti ile ikisema Nthati, njoo. Wanasema nazuia uzazi. Nesi amesema haizuii, hata nikishika mimba niendelee tu kumeza, lakini nitakwenda kusimama kisimani niseme hayo?

Lo, kimepasuka. Kimepasuka nusu, unga umetapakaa chini ya ulimi, macho yananitoka machozi, naziba mdomo kwa kiganja, usiteme, usiteme... "'Malipuo?" Ameniona. Anakuja, anapiga magoti kando yangu kwenye majivu, yeye, mama mwenye nyumba, anapiga magoti, ananishika mgongo. "Harufu ya nyama, eh? Inakukataa?" Nazidi kukibana kiganja mdomoni. "Tangu mwezi juzi, alipokuja kumzika kaka yangu," ananong'ona, na uso wake unafunguka, sijawahi kuuona hivyo, "nilijua, nilijua mimi, nilisema hata maziwa siku hizi anayakimbia." Na mimi namtazama na mdomo uliojaa, nataka kusema hapana, halafu nawaza, hapana kwa hakika gani, siku zangu mbona... naacha, silifuati hilo, si sasa. Anasugua mgongo wangu juu chini. Nani alinigusa mgongo mara ya mwisho bila kutaka kitu. "Tema, mwanangu," anasema. Mwanangu. Siku zote ni 'Malipuo, au nikimkosea, wewe wa Tšeliso. "Tema hapa, usiogope," na anakikinga kiganja chake chini ya kidevu changu, kiganja kilichopasuka kwa baridi, kinanuka ugoro na manyoya ya kondoo, kinangoja.

Nikitema atakijua. Huyu haambiwi kidonge ni nini, namsikia usiku ng'ambo ya ukuta, kopo lake la vidonge linalia ingawa amelitia pamba, kisha maji, kisha pumzi ndefu, miaka yote hii, na ukoo mzima unasema baba mkwe alikufa kwa kifua cha mgodini naye anaitikia, ndiyo, kifua. Nyumba moja, wanawake wawili, kila mmoja anameza kwa kumficha mwenzake. Nikitema atadhani ninao ule ugonjwa kama yeye, atanilaza kifuani, na itabidi nimwambie, hapana mama, mimi sina, nameza ili nisiupate, nisiupate kwa nani, kwa Tšeliso, huyu anayecheka nje, mwanao uliyemchinjia, nitakuwa nimemwambia mwanao ni kama baba yake tu. Hilo litamuua. Au halitamuua. Labda amekaa miaka yote akingoja mtu wa kumwambia. Labda angekitazama kiganjani na kusema, ah, na wewe, kisha tungekaa hapa wawili kwenye moshi, chungu kiungue, wanaume wangoje. Ningekuwa na mtu. Nilidhani ninamficha huyu, kumbe huyu huyu ndiye niliyetaka anione, kila jioni, kila jioni nilitaka mlango huu ufunguke mapema... "Mama," anaita Tšeliso nje, "mke wangu anapika au analima hayo mahindi?" na wanaume wanacheka, nami nashtuka, koo linameza lenyewe, kikashuka, kikavu, kinakwaruza mpaka kifuani, chote. Kimeshuka. Nimefungua mdomo na hakuna kitu.

"Tema," anasema bado, taratibu, "tema tu, mimi ni mama yako," na kiganja bado kiko pale chini ya kidevu changu, wazi, na mimi sina tena cha kumtemea.