Darlène Anasomea Nyumbani

Asubuhi Darlène alipoota mvi ya kwanza, mdogo wake Fabrice alikuwa amelala chali sebuleni akikataa kuvaa suruali ya theluji. Mama yao, Libérata, alikuwa na kitana mkono mmoja na kiatu cha Fabrice mkono wa pili. Aliiona ile mvi juu ya sikio la binti yake, akaing'oa, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akaendelea kusuka. Darlène alikuwa na miaka saba. Mabasi ya Malvern, mtaa wao wa ughaibuni, hayana desturi ya kumngoja mtu achunguze kichwa cha mtoto.

Mpango wa nyumba hiyo ulikuwa hivi. Fabrice, mwenye miaka minne, alikwenda chekechea nusu siku tu, kwa sababu alipojaribiwa siku nzima alilia mpaka walimu wakatazamana, wakashauri kwa upole mwingi kwamba azoeshwe kidogo kidogo. Kwa hiyo kila mchana alitakiwa mtu wa kumpokea. Baba, Déo, alikuwa anapakia mizigo usiku kucha katika ghala moja la Downsview, upande mwingine wa jiji, na mchana analala fofofo. Libérata alikuwa anawaogesha na kuwalisha wakongwe katika nyumba ya wazee, na zamu yake ilianza kabla chekechea haijawatoa watoto. Mtu aliyebaki alikuwa Darlène. Libérata akaiandikia halmashauri ya elimu kwamba mwaka huu binti yake atasomeshwa nyumbani na mama mzazi. Halmashauri ikamtakia kila la heri, na tangu hapo haikumsumbua.

Mwanzoni Déo ndiye aliyekwenda kumchukua Fabrice, akitembea huku amelala, na Darlène akimshika mkono asiingie barabarani. Walimu waliona baba anakuja na mtoto wake mkubwa, wakaridhika.

Isidhaniwe kuwa Libérata alidharau masomo. Alinunua vitabu vya mazoezi vyenye picha za bundi, akabandika ratiba jikoni, akaanza kwa bidii zote. Ila ratiba ina ulimi mtamu na maisha yana mikono. Muda si muda hisabati ikawa kupima mchele wa watu wanne. Jiografia ikawa kujua basi la kwenda Agincourt kununua sombe, yale majani ya muhogo yanayouzwa yakiwa yameganda kama tofali. Kiingereza ndicho kilichochukua saa nyingi zaidi, kwa sababu kilisomwa kwenye simu. Libérata aliweza kuongea na wazee wake kuhusu supu na soksi, lakini sauti za maofisini zilimshinda, na Darlène ndiye aliyekuwa anaongea na ofisi ya nyumba, ofisi ya kodi na kliniki ya meno. Akiulizwa kama yeye ndiye mama mwenye nyumba, alijibu ndiye. Alikuwa mwanafunzi mwepesi wa kushika, hakufeli kitu.

Mvi nyingine zikaja, Libérata akaacha kuzing'oa. Gego la mwisho likaota wakati jino la mbele la maziwa bado linacheza. Kabla ya Krismasi Darlène alivaa koti la mama yake likamkaa sawasawa, baada ya Krismasi likambana mabegani. Magoti yakaanza kumwambia theluji itaanguka lini, na hayakukosea kama unavyokosea utabiri wa redio. Kanisani walimtoa kwenye darasa la watoto, ambako alikuwa anamziba mwalimu, wakamkalisha benchi la akina mama na kumshonea kitenge cha sare. Akina mama walimsifu Libérata kwa malezi, wakasema mtoto wake amekomaa, si kama hawa wengine wanaoshinda na simu.

Kuna jambo moja lililofanya mtu yeyote nyumbani asishtuke. Darlène alikuwa anabeba, kama jina lake la nyumbani, jina la Nsimire, mama mzazi wa Déo, aliyezikwa Bukavu. Kwao mtoto akibeba jina la bibi, baba humwita Mama tangu akiwa kwenye nepi, na humtania, na humwomba radhi akimkosea. Kwa hiyo Déo alipoamka jioni moja ya Januari, akamkuta jikoni mwanamke mwenye kiuno kipana na kidevu kile kile cha marehemu, alivua kofia.

"Karibu, Mama," akasema. "Mulikawia."

Kesho yake akamletea kitenge kipya na sukari, kama mwana anayejua wajibu wake. Darlène akashukuru, akauliza kama anaweza kutazama katuni. Déo akamwambia atazame, Mama haombi ruhusa, ila kwanza amalizie ile sombe iliyoko jikoni. Ilipokuwa tayari, katuni zilikuwa zimekwisha.

Libérata hakuwa na furaha kama ya mumewe. Alikuwa amemwogopa mkwe wake alipokuwa hai, na sasa alijikuta anainamisha macho kila Darlène anaposema chakula kimepungua chumvi. Alijisikia mjinga. Huyu alikuwa mtoto wake wa kumzaa, na bado aliporudi kazini alimsalimia kwa mikono miwili, akamuuliza kama ameshinda salama. Wanawake aliowaogesha mchana kutwa na mwanamke aliyemkuta nyumbani jioni walianza kufanana migongo. Jioni moja alimkuta amesinzia kwenye kochi, miwani puani, kidole gumba mdomoni. Libérata alisimama pale na begi lake begani, na roho ilimuuma vibaya sana, akashindwa hata kuvua viatu.

Alitafuta ushauri. Kwenye ukumbi mmoja Agincourt kulikuwa na semina ya akina mama wanaosomesha nyumbani huku wadogo wakiwa chekechea, nayo ilihusu kusawazisha maisha. Mwezeshaji aliitwa Alisha, Mwismaili ambaye wazazi wake walitoka Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi yake lakini safi. Aliwagawia akina mama karatasi za rangi: kijani kwa masomo, njano kwa chekechea, waridi kwa ajili ya mama mwenyewe kupumua. Libérata alimsogeza Darlène mbele yake, akaeleza kuwa ana miaka saba. Alisha alimtazama mtoto, akatazama mvi, akaafiki kwa kichwa.

"Dada, una bahati," akasema. "Wenzako hapa hawana hata mtu mmoja wa kuwasaidia."

Akaongeza kwamba watoto wanaosomea nyumbani mara nyingi huwatangulia wenzao, na kwamba mambo kama haya ndiyo uongozi wenyewe. Akamwomba Darlène, kama hatajali, azungumze kidogo na akina mama wageni semina ijayo. Libérata akarudi nyumbani na karatasi ya waridi, Darlène akaitumia kufungia mandazi.

Fabrice wakati huo alikuwa ananawiri. Kila mchana alirudi na taji la karatasi, rangi mpaka kwenye nyusi, na wimbo mpya kuhusu mtu wa theluji. Walimu walieleza kwamba katika umri ule mtoto hujifunza kwa kucheza, kwamba kucheza ndiyo kazi ya mtoto, na utafiti umethibitisha. Darlène, ambaye sasa alikuwa anakwenda kumchukua peke yake, aliyasikiliza maelezo hayo yote na kuyafikisha nyumbani neno kwa neno. Siku hiyo, akimenya viazi, alimgeukia mama yake.

"Mama, saa ya kucheza yangu iko saa ngapi?"

Libérata akasema viazi vikiiva. Viazi viliiva, simu ya ofisi ya nyumba ikaita, kisha Fabrice akamwaga maziwa, kisha Déo akataka nguo za kazi. Hakuna aliyekuwa na ubaya.

Mwezi Machi walimu wakasema Fabrice yuko tayari kwa siku nzima. Libérata hakungoja. Aliomba ruhusa kazini, akamvalisha Darlène viatu vizuri, akampeleka ofisi ya shule kumwandikisha upya. Karani alikuwa mama mpole mwenye sweta lenye picha ya paka. Libérata alitaka kusema mwenyewe, lakini Kiingereza kikamkimbia kama kawaida, ikabidi Darlène atafsiri.

"Anasema tarehe yangu ya kuzaliwa iko muzuri," Darlène alisema. "Ni ya mutoto wa miaka saba. Hana mashaka."

Libérata akashusha pumzi. Karani akaendelea kuongea, akionyesha kwa mkono dirisha la darasa na viti vyake vifupi.

"Lakini anasema niko mukubwa juu ya bile biti. Na mutu mukubwa haingie mu kalasi ya batoto bila karatasi ya polisi ya kuonyesha hana makosa."

"Basi tutaomba hiyo karatasi."

Darlène akauliza, akasikiliza, akashukuru. Sauti yake haikubadilika, alikuwa ameshazoea kufikisha habari za ofisi bila kuzipunguza wala kuzitia sukari.

"Anasema polisi haipatie batoto ile karatasi. Nirudi nikifika miaka kumi na munane."

"Umwambie wewe ni mutoto."

Darlène akamwambia. Karani akatabasamu kwa huruma ya kweli, akajibu kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Kisha, kwa kuwa hakupenda mtu atoke ofisini kwake mikono mitupu, akampa kipeperushi cha madarasa ya jioni ya Kiingereza kwa wakongwe wageni, na akaliingiza jina la Darlène kwenye kompyuta kama mtu anayeruhusiwa kumleta na kumchukua Fabrice. Hilo lilikamilika papo hapo.

Nyumba ya wazee ilipopata habari kwamba mtoto mdogo sasa anasoma siku nzima, ilimwongezea Libérata zamu ya asubuhi. Wakawa wanatoka pamoja wote watatu, mama anavuka barabara kwenda kituoni, Darlène anamwingiza Fabrice getini.

Asubuhi ya kwanza Libérata alisimama kituoni akiwatazama. Uwanjani kulikuwa na kilima cha theluji iliyosukumwa na trekta, na watoto walikuwa wanakipanda na kuteleza kwa makalio. Fabrice alikimbilia huko bila kuaga. Darlène alibaki karibu na geti, kitenge kimechomoza chini ya koti. Alitazama nyuma, akatazama mbele. Kisha akaingia, akapanda kile kilima taratibu akishika magoti yake, akangoja zamu yake nyuma ya mtoto mwenye kofia nyekundu, akakaa, akateleza. Alicheka mpaka chini. Libérata aliusikia mcheko huo upande wa pili wa barabara, na ulikuwa mcheko wa mtoto wa miaka saba, hakuna hata mtu mmoja ambaye angeweza kukosea.

Mwalimu alimfuata haraka lakini kwa heshima. Akampa mkono akamwinua, akampangusa theluji mgongoni, akamweleza jambo huku akionyesha geti. Darlène aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Ilionekana anaomba radhi, na kwa Kiingereza kizuri. Akatoka, akalifunga geti na kusukuma komeo kuhakikisha watoto hawatatoka.

Akamwona mama yake kule ng'ambo, akampungia mkono. Libérata akaunyanyua wake, akataka kuvuka, na mguu mmoja ulikuwa umeshashuka barabarani basi lilipofika na kufungua mlango. Dereva alimtazama. Kazini wazee walikuwa wanangoja kuogeshwa, na aliyechelewa mara mbili alipunguziwa zamu. Libérata akapanda, akakaa upande wa dirisha, akamwona binti yake anaondoka polepole kuelekea nyumbani, kwa sababu simu za ofisi zilianza kuita saa tatu.